Shajara ya Mradi: Kukusanya Visa vya Mifugo vya Ukoo Wetu, Kilema

26 Desemba 2023: Wazo

Kila Desemba, ndugu wanapopanda Kilema, kwetu Kilimanjaro, kwa ajili ya Krismasi, mazungumzo ya jioni nyumbani kwetu huishia kwenye visa vile vile vya mifugo: ng'ombe aliyekula sukari ya komunio, beberu aliyefukuzwa nchini, kuku aliyelea bata, na bata mzinga aliyemkimbiza mshenga. Tumevisikia mara nyingi kiasi kwamba tulidhani haviwezi kupotea. Hata hivyo, tangu Babu alipofariki mwaka 2021 tumegundua kwamba kisa chake cha punda kimebaki mkia bila mwili. Kila mtu katika ukoo husema "Punda alipwe nauli yake!" anapomsikia mwenzake akidai malipo asiyostahili, lakini hakuna hata mmoja wetu anayeweza kueleza punda huyo alikuwa wa nani, alikuwa akienda wapi, wala nauli hiyo ilitokana na nini. Babu alikuwa akikisimulia kwa Kichaga cha ndani mbele ya wazee wenzake, nasi wajukuu tulikuwa tukisubiri neno la mwisho ili tucheke pamoja nao.

Nimeamua kuvirekodi visa vilivyosalia, kuviandika, na kuvichapa katika kijitabu kidogo ambacho kila nyumba ya ukoo itapata nakala yake kufikia Krismasi ijayo. Shajara hii naiandika ili ukoo mwingine unaotaka kufanya hivyo usirudie makosa yangu. Vifaa nilivyo navyo leo ni simu yangu na daftari moja la shilingi 1,500.

27 Desemba 2023: Jaribio la kwanza, ambalo halikufaa kitu

Nilidhani njia rahisi ni kuwakusanya wote. Jioni tulikuwa watu 19 uani, nikaweka simu katikati ya meza na kuwaomba wazee wasimulie kama kawaida. Walisimulia vizuri sana, pengine kuliko siku zote, na nilikwenda kulala nikiamini kwamba nusu ya kazi imekwisha.

Asubuhi niliposikiliza nilikuta mambo matatu. La kwanza, simu ilikuwa imekoma kurekodi baada ya dakika 14, kwa sababu nafasi yote ilikuwa imejazwa na picha za salamu za sikukuu. La pili, katika dakika hizo 14 kulikuwa na simu mbili zilizoingia, na kila moja ilikata sauti mahali pake. La tatu ndilo baya zaidi: kila mahali penye utamu pana kelele. Watu wote wanaijua hadithi, kwa hiyo wanaanza kucheka neno moja kabla ya neno lenyewe, na maneno yaliyosikika vizuri ni yale ya utangulizi tu, ambayo hayachekeshi. Sauti pekee iliyosikika kuanzia mwanzo hadi mwisho ni ya Baba Mdogo, ambaye siku ng'ombe alipokula sukari alikuwa na umri wa miaka minne, lakini ana koo pana kuliko wote.

Marekebisho: nimefuta picha, nimenunua kadi ya kumbukumbu kwa shilingi 20,000 na kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo kwa shilingi 18,000, na kuanzia sasa simu itawekwa katika hali ya ndege kabla ya kuanza. Pia nitawarekodi mmoja mmoja.

29 Desemba 2023: Jaribio la pili

Nilimkalisha Bibi sebuleni, nikafunga mlango, nikambana kipaza sauti kwenye kanga, kisha nikamwomba anieleze kisa cha sukari. Bibi alinyoosha mgongo, akaweka mikono magotini, na kusema yafuatayo, ambayo nayanukuu yote: "Ndiyo. Ng'ombe alikula sukari. Tulimtembeza. Akapona. Tunamshukuru Mungu."

Nilijaribu kumchokoza kwa maswali, naye akanijibu kama shahidi aliyeapishwa. Nilipomuuliza kwa nini hasimulii kama juzi, alinitazama kwa mshangao: "Mjukuu wangu, si unakijua? Nikusimulie unachokijua, mimi ni kasuku?"

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu la msingi. Mbele ya watu wengi sauti inapotea, lakini mbele ya mtu mmoja anayekijua kisa, kisa chenyewe kinapotea. Msimulizi anamhitaji msikilizaji asiyejua kitakachofuata, na mimi siwezi tena kuwa mtu huyo.

30 Desemba 2023: Banda la ng'ombe, na jinsi kazi ilivyofunguka

Suluhisho lilikuwa chini ya pua zetu. Mpwa wangu wa miaka minane, aliyekulia Dar es Salaam, alikuwa hajawahi kusikia hata kisa kimoja hadi mwisho, kwa kuwa kila mwaka hupelekwa kulala mapema. Saa kumi na moja jioni nilimbana Bibi kipaza sauti, nikamwambia mtoto amfuate bandani wakati wa kulisha, na mimi nikakaa nje nyuma ya rundo la vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa. Bibi alipokuwa akijaza hori, mtoto aliuliza kama ng'ombe hula pipi. Rekodi iliyofuata ina dakika 41, na katika mradi mzima hakuna iliyo bora kuliko hiyo.

Kisa chenyewe kwa ufupi ni hiki. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi uliosimamiwa na Waziri Mkuu wa wakati huo, Edward Sokoine, sukari ilikuwa adimu, na mtu kukutwa na kiasi kikubwa nyumbani lilikuwa jambo la kueleza vizuri sana. Babu hakuwa mfanyabiashara, bali alikuwa amekusanya kilo nane, kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, kwa ajili ya komunio ya kwanza ya Shangazi. Aliposikia kwamba nyumba za jirani zimekaguliwa, aliificha sukari darini juu ya banda, chini ya majani makavu. Hakukumbuka kwamba ng'ombe alikuwa na mazoea ya kuvuta majani kutoka darini kila njaa ilipomshika kabla ya saa ya chakula. Alfajiri Bibi alimkuta ng'ombe akiwa na pua nyeupe, mfuko ukiwa umechanika, na tumbo likiwa limeanza kuvimba upande wa kushoto.

Walimtembeza usiku uliofuata wote, Babu mbele na kamba, Bibi nyuma na fimbo, barabarani kupanda na kushuka. Karibu na saa saba walikutana na mgambo, ambaye kwa haki kabisa aliuliza ng'ombe anapelekwa wapi usiku huo. Babu hakuweza kusema kwamba ng'ombe amekula sukari, kwa kuwa swali la pili lingekuwa sukari ipi. Alijibu: "Anapunga upepo." Mgambo hakuridhika, akaamua kufuatana nao ili ajionee, na kufikia saa tisa alikuwa ndiye anayeshika kamba, kwa sababu Babu alikuwa amechoka. Alfajiri ng'ombe alibeua kwa kishindo, mgambo akamsifu, akaenda zake, na mpaka leo hatujui kama alipata kuambiwa ukweli. Siku ya komunio chai ilikuwa ya maziwa matupu, na mgeni aliyeulizia sukari alijibiwa na Babu kwamba sukari ya nyumba hii hupitia kwa ng'ombe. Ng'ombe huyo aliitwa Mhujumu hadi alipouzwa.

Swali la mpwa wangu lililoleta dakika 20 za ziada lilikuwa jepesi ajabu: "Sasa Bibi, mgambo alikuwa amevaa nini?" Mimi nisingeliuliza maisha yangu yote.

1 Aprili 2024: Jumatatu ya Pasaka, mvua, na daftari

Nilirudi Kilema kwa siku mbili ili kumrekodi Shangazi. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na yeyote atakayefuata njia yangu ajue mapema kwamba bati na mvua havipatani na kipaza sauti cha shilingi 18,000. Rekodi nzima ya saa moja inasikika kama mtu anayekaanga vitumbua. Tulihamia jikoni kwa zamani, penye paa la nyasi, na hapo sauti ilitoka safi.

Msiba mkubwa zaidi ulinipata mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeandika daftarini orodha ya visa, majina ya wasimulizi, dakika ambazo kila sehemu nzuri inaanzia, na miaka tuliyokubaliana. Nililiweka ukingoni mwa hori ili nimshikie Shangazi ndoo. Mtamba aliyepo sasa ni mpole, hana mazoea mabaya, na nadhani alivutiwa na chumvi ya jasho la mkono wangu. Nilipogeuka, daftari lilikuwa limebaki jalada na kurasa nne, naye akitafuna taratibu kama karani anayesoma barua ndefu. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Bibi alipoletewa habari alisema tu kwamba mradi umepata mhariri.

Gharama: daftari jipya, shilingi 1,500, na kama saa sita za kusikiliza upya ili nipate tena dakika zote. Marekebisho: kila jioni ninapiga picha kurasa zilizoandikwa siku hiyo, na kila faili ya sauti ninaipa jina lenye tarehe, msimulizi na mnyama, kwa mfano 2024-04-01-shangazi-kuku, kisha ninaihifadhi mahali pawili. Hakuna kinachowekwa tena kwenye hori.

20 Aprili 2024: Kuku, bata, na hesabu ya siku

Kisa cha kuku kimenipotezea muda kuliko vyote, kwa sababu wasimulizi wake wawili, Bibi na Shangazi, hawakubaliani karibu katika kila jambo. Wanachokubaliana ni kwamba nguchiro alikula mayai ya koo mwekundu aliyekuwa ameanza kuatamia, koo akakataa kuondoka kwenye kiota kitupu, na Babu akaletewa mayai sita ya bata na rafiki yake wa Kahe ili kumtuliza.

Bibi anasema mayai yaliatamiwa wiki tatu. Shangazi anasema siku 40, na anaapa, kwa kuwa yeye ndiye aliyemzuia Bibi asiyatupe kama viza. Niliona hapa pana jambo linaloweza kuhakikishwa. Kifaranga cha kuku hutoka baada ya siku 21, na bata wa kawaida baada ya siku 28. Lakini wote wawili, bila kusikilizana, walikuwa wamenieleza kwamba bata hao walipokua walikuwa na nyama nyekundu usoni kuzunguka macho na walikuwa hawapigi kelele bali wanapumua kama mtu mwenye mafua, na bata wa aina hiyo huchukua siku 35. Kwa hiyo Bibi alikosea kwa wiki mbili na Shangazi kwa siku tano, na nilipowapa matokeo hayo kila mmoja alisema nimethibitisha maneno yake.

Mwisho wa kisa ndio wenye ubishi usiokwisha. Vifaranga watano walipofikisha siku chache, koo aliwapeleka kuchakura kando ya mfereji unaopita chini ya kihamba chetu, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, nao wakatumbukia majini mmoja baada ya mwingine na kuondoka na mkondo kwa raha zao. Koo alikimbia ukingoni akipiga mayowe, akiruka na kurudi, mpaka majirani wakatoka na mapanga wakidhani ni nyoka. Mtu mmoja aliingia mferejini kuwaokoa bata, akateleza, akakaa majini mpaka kifuani huku bata wakimzunguka, na alipofanikiwa kumshika mmoja na kumrudisha nchi kavu, koo alimrukia na kumdonoa usoni. Bibi anasema mtu huyo ni Shangazi. Shangazi anasema ni Bibi, na kwamba kanga iliyolowa ilikuwa ile ya sikukuu.

Kosa langu lilikuwa kujaribu kupatanisha. Niliandika rasimu iliyosema "mtu mmoja wa familia", nikawasomea kwa simu wote wawili, na wote wawili waliona kisa kimekufa. Walikuwa sahihi. Nimekiandika upya katika safu mbili, kushoto Bibi na kulia Shangazi, kila mmoja kwa maneno yake, na sasa ndicho kisa kinachochekesha kuliko vyote kwenye karatasi. Tangu hapo nimeacha kabisa kutafuta toleo moja sahihi, isipokuwa pale ambapo mwaka au hesabu ya siku inaweza kuonyeshwa kwa ushahidi wa nje.

9 Juni 2024: Kuandika kutoka kwenye sauti

Nina saa saba za rekodi zinazofaa. Kuziandika kumenichukua takriban saa 38, yaani saa moja ya sauti kwa zaidi ya saa tano za kazi, nikifanya usiku baada ya kazi ya kuajiriwa. Hatua hii haina mengi ya kusimulia. Jambo moja tu ni la kuzingatiwa: Bibi husimulia kwa Kiswahili, lakini mnyama anapofika mahali pa kuchekesha yeye huhamia Kichaga, na nilipotafsiri sehemu hizo kwa uangalifu zilitoka kama taarifa ya polisi. Kinachobeba kicheko ni milio na tamko la mwisho, si maana. Nimeyaacha maneno hayo kama alivyoyatamka, na maelezo yake nimeyaweka katika sentensi inayotangulia, ili msomaji akifika kwenye neno awe tayari anajua kinachotokea.

Muda wa maongezi na data kwa ajili ya kuwapigia ndugu walio mbali: shilingi 15,000.

14 Julai 2024: Beberu, na vijana wasiocheka

Hiki ni kisa cha Baba Mkubwa, na kwa watu wa umri wake hakina mpinzani. Alikuwa darasa la tatu, miaka michache baada ya Azimio la Arusha, wakati ambapo shuleni walifundishwa kila siku kwamba maadui wa Taifa ni beberu, kupe na mnyonyaji, na kwamba kila mwananchi, awe mkubwa au mdogo, ana wajibu wa kupambana nao popote watakapoonekana. Mtoto mwenye bidii alirudi nyumbani, akaingia katika banda la baba yake, na kuwakuta wote watatu.

Alianza na beberu, akamfungulia kamba na kumfukuza kwa fimbo hadi nje ya kihamba. Kisha alimfunga mnyonyaji, yaani ndama, kwenye mgomba ulio mbali kabisa na mama yake. Kupe aliwang'oa mmoja mmoja kwenye masikio ya ng'ombe na kuwatia katika kopo ili awapeleke shuleni kama ushahidi, kazi ambayo kwa haki ilikuwa ya manufaa. Usiku ule ng'ombe, kiwele kikiwa kimejaa, alilia hadi majirani wakaja kuuliza kama kuna msiba. Beberu naye alipatikana asubuhi katika bustani ya kabichi ya mwalimu yule yule aliyefundisha somo. Mwalimu alimburuta mpaka nyumbani kwetu na kuuliza ni nani aliyemwachia. Baba Mkubwa alisimama wima na kujibu: "Nimemfukuza nchini, Mwalimu." Babu aliinua fimbo, lakini Mwalimu alimshika mkono, akasema mtoto huyo hawezi kuchapwa kwa kufuata siasa ya nchi, ila kabichi zilipwe.

Niliwasomea rasimu vijana watano wa ukoo, wenye umri kati ya miaka 13 na 19. Hawakucheka hata kidogo. Mmoja aliuliza kwa heshima kama mbuzi huyo alirudi. Kwao beberu ni mbuzi dume tu, kupe ni mdudu, na maana ile nyingine hawajaibeba masikioni kama sisi. Jaribio langu la kwanza lilikuwa kuongeza maelezo mwishoni, na hilo halikusaidia kitu, kwa kuwa mzaha ukifafanuliwa baada ya kutolewa huwa somo la uraia. Jaribio la pili lilikuwa kuanza na mtoto akiwa darasani akikariri maneno yale matatu kwa sauti, mara tatu, pamoja na wenzake, bila maelezo yoyote, kisha kumpeleka bandani. Niliwasomea vijana wengine wanne ambao hawakuwapo mara ya kwanza, na watatu walicheka walipofika kwa ndama. Wa nne alikuwa kwenye simu.

18 Agosti 2024: Ruhusa ya mshenga

Kisa cha bata mzinga kinamhusu mtu aliye hai, anayeheshimika, na ambaye si wa damu yetu. Alikuja miaka ya 1990 na ujumbe wa posa ya dada yangu mkubwa, akiwa amevaa koti jekundu, na bata mzinga dume, ambaye mavazi ya rangi humkasirisha au labda ukubwa wa mtu ndio uliomkera, alitanua mkia na kumwendea moja kwa moja. Kwa mujibu wa ukoo wetu, mshenga aliuzunguka mbuni, yaani mti wa kahawa, mara tatu, akapoteza kiatu na barua, na hatimaye akatoa hoja yake yote akiwa amesimama juu ya kinu kilichopinduliwa.

Nilikuwa tayari nimekipanga kisa katika rasimu bila kumwuliza, na hilo lilikuwa kosa. Shangazi alinikemea, akasema huwezi kumchapa mtu mzima kitabuni akiwa juu ya kinu bila hodi. Nilikwenda kwake na kreti ya soda ya shilingi 17,000 na kilo mbili za sukari kwa shilingi 6,000, nikamwamkia, nikamsomea. Alisikiliza bila kutabasamu. Kisha akatoa masahihisho yake: koti lilikuwa la kahawia iliyoiva, mbuni aliuzunguka mara moja, na neno "alikimbia" libadilishwe kuwa "aliharakisha". Kuhusu kinu hakuwa na pingamizi, kwa sababu, alisema, kutoka juu ya kinu alisikika vizuri na posa ilikubaliwa siku ile ile. Akaomba jina lake lisitajwe, na nakala mbili apewe. Yote yametimizwa.

Katika miezi hiyo hiyo nilimwomba mtaalamu wa mifugo tunayemfahamu asome visa vyote. Alinirekebisha jambo moja tu lenye uzito: sukari nyingi ikiingia ghafla katika tumbo la kwanza la ng'ombe huchacha na kuleta asidi, na Mhujumu angeweza kufa. Nimeelewa sasa kwa nini Bibi hacheki kamwe katika sehemu ya kumtembeza, ila anapofika kwa mgambo tu.

12 Oktoba 2024: Kuchapa, na hasara ya nakala tano

Kijitabu kilikuwa na kurasa 46 za ukubwa wa nusu karatasi ya kawaida. Nilipeleka faili kwa mchapaji mmoja mjini Moshi, tukaelewana shilingi 100 kwa kila upande wa karatasi, 1,000 kwa jalada la rangi, na 500 kwa kubana na kukata kingo. Nikaagiza nakala tano za majaribio. Zilipotoka, mshenga alikuwa akikimbizwa na ng'ombe, na Babu alikuwa akimwambia mgambo kwamba bata wanapunga upepo.

Hili ni jambo ambalo kila anayechapa kijitabu cha kukunjwa anapaswa kulijua, na mimi sikulijua. Karatasi moja ikikunjwa katikati hubeba kurasa nne, kwa hiyo jumla ya kurasa lazima igawanyike kwa nne, na mpangilio wake wakati wa kuchapa si wa mfululizo, bali ukurasa wa mwisho hukaa ubavuni mwa ule wa kwanza. Kurasa 46 hazigawanyiki kwa nne. Niliongeza ukurasa wa ramani ya kihamba, unaoonyesha banda, mfereji na mbuni, pamoja na ukurasa mtupu wa kuandikia masahihisho, zikawa 48, kisha nikaomba mpangilio wa kijitabu. Nakala moja sasa ina karatasi 12, yaani pande 24 za shilingi 2,400, na ukijumlisha jalada na kubana inafika shilingi 3,900. Hasara ya nakala tano zilizoharibika ni shilingi 19,500. Mpwa wangu ameomba moja abaki nayo, kwani anaiona ni bora kuliko ile sahihi.

27 Desemba 2024: Kugawa nakala na hesabu

Nakala 40 zilikuwa tayari kabla ya Krismasi kwa shilingi 156,000. Gharama zote, nauli zikiwekwa kando kwa kuwa ningesafiri hata hivyo, ni shilingi 254,500. Ndugu 31 waliahidi kuchangia shilingi 10,000 kila mmoja, na 22 walitimiza, zikapatikana 220,000, kwa hiyo 34,500 zimetoka mfukoni mwangu. Anayepanga kufuata njia hii achukue ahadi za ukoo kama mtu anavyochukua hesabu ya mayai yaliyo chini ya kuku.

Jioni Bibi alisomewa kitabu chote na mpwa wangu. Alipofika kwenye safu mbili za kuku na bata, Bibi alimwamuru asome ya kushoto tu. Shangazi alikuwa jikoni, lakini alisikia.

19 Januari 2025: Masahihisho

Ukurasa wa masahihisho umeanza kujaa. Baba Mdogo anadai sukari iliyosalia ilikuwa nusu, na kwamba yeye binafsi aliilamba. Shangazi amepiga simu kusema koo hakuwa mwekundu bali wa madoadoa, na Bibi, aliyekuwa karibu na simu, amekubali. Hilo ni jambo la kwanza wanalokubaliana tangu Aprili, na linamaanisha kwamba safu zote mbili zina kosa.

Juzi ilikuja habari nyingine. Nakala moja ya mshenga ilifika kwa mzee mmoja wa Himo, ambaye baada ya kuisoma alituma ujumbe kuuliza kwa nini kisa cha punda hakimo, ilhali yeye ndiye aliyekuwa kondakta. Jumamosi nitakwenda Himo. Nimechaji simu, nimepakia kipaza sauti na madaftari mawili, na mpwa wangu ameombewa ruhusa ya kutokwenda kwenye masomo ya ziada.